Bustani ya Watu Wote na Namna ya Kuisimamia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu twaanza, na kwake twataka msaada.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, somo letu safari hii ni juu ya jambo ambalo watu wengi hulidhani dogo, nalo ni bustani ya watu wote. Yaani mahali penye miti, vivuli, viti na maji, palipowekwa si kwa biashara wala kwa faida ya mtu mmoja, bali kwa kila apitaye aingie apumzike, kisha aende zake. Somo hili limeandikwa Kinampanda, katika wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, bara kabisa, mbali na bahari. Hapa pana Chuo cha Ualimu, na kwa hivyo pana vijana wengi walio mbali na kwao. Na pana wapita njia wa kila namna, wenye mizigo na wenye watoto, ambao jua la saa saba huwakuta hawana pa kujistiri ila barazani pa duka la mtu.

Na ndugu yangu wa pwani asiseme: Kinampanda na mimi tuna nini? Kwetu mnazi huota wenyewe. Jua ya kuwa huku bara mvua ni ya msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba mpaka Aprili au mapema Mei, kisha ni kiangazi kitupu. Mtu apandaye miti katika nchi kama hii akaiacha, huiona imekufa kabla ya mwaka kwisha. Pwani, kwa rehema ya masika na vuli, bustani iliyoachwa haifi upesi. Huchakaa kidogo kidogo, na watu huuzoea uchakavu wake hata wasiuone tena. Basi kosa ni lile lile, ila huku bara adhabu yake huja mapema. Ndiyo sababu mtu wa pwani ana la kujifunza huku, na mtu wa huku ana la kujifunza pwani.

Neno lenyewe la somo ni hili: bustani ya watu wote haifanywi na siku ya kupandwa, wala na siku ya kufunguliwa kwa hotuba na sherehe. Hufanywa na matengenezo ya kila siku, na matengenezo hayo ndiyo yenye haki ya kwanza katika kila senti na kila ndoo ya maji. Bustani hufa kwa mambo matatu: kwa kukosa mwenyewe, kwa kiu, na kwa tamaa. Tutayaeleza haya moja moja, kwa mifano inayojulikana.

I. KUJUA MWENYEWE NI NANI

Watu husema, "Bustani hii ni ya watu wote," na wengine hufahamu kwamba maana yake ni kuwa haina mwenyewe. Haya ni makosa makubwa. Kitu cha watu wote kina wenyewe wengi kuliko kitu cha mtu mmoja, na mwenye kukiharibu huwadhulumu wengi kwa mara moja.

Sheria yetu imeyapanga mambo haya tangu zamani katika mlango wa wakfu. Sayyidna Umar bin Khattab alipopata ardhi huko Khaibar alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri, naye akamwelekeza aizuie asili na ayatoe manufaa yake. Basi Sayyidna Umar akaiweka ardhi ile isiuzwe, wala isitolewe zawadi, wala isirithiwe. Mazao yake yakawa ya mafakiri, jamaa, wasafiri, wageni na wengineo aliowataja. Na msimamizi wake akaruhusiwa kula humo kwa wema, bila ya kujitajirisha. Tazama, katika khabari hii fupi yamo yote yatakiwayo kwa bustani isiyo ya faida: asili isiyoguswa, manufaa yaliyotajwa, watu waliotajwa, na msimamizi aliyewekewa mpaka.

Kwa hivyo kazi ya kwanza, kabla ya jembe, ni karatasi. Na iandikwe mipaka ya ardhi na alama zake. Na iandikwe kwa ajili ya nani na kwa manufaa gani. Nani atasimamia, na akifa au akishindwa nani atashika baada yake. Katika madhehebu yetu ya Shafii wakfu hauwekewi muda, mtu hasemi, "Nimeweka wakfu kwa mwaka mmoja." Kisha karatasi hiyo ipelekwe serikalini iandikishwe kwa sheria ya nchi, kwani nia njema isiyoandikwa hushindwa na karatasi ya mtu mwingine.

Mifano haiko mbali. Dar es Salaam pana bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893 kwa ajili ya kujaribu mimea ya kilimo. Mji ukakua, majumba yakaimega, na iliyobaki leo ni sehemu tu ya ile ya kwanza. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Na huko Nairobi, mwaka 1989, palitokea shauri la kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Bibi Wangari Maathai akasimama akalipinga kwa barua na kwa maneno, akatukanwa sana kwa sababu hiyo. Lakini mwisho wake shauri lile likaachwa, na bustani ikabaki ya watu. Mama huyo ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004.

Fahamu basi ya kuwa bustani haichukuliwi siku moja na mtu mwovu. Humegwa na watu wema kwa haja njema: leo ofisi, kesho kituo cha magari, kesho kutwa ghala. Kila haja ina uzuri wake, na zikikusanyika bustani haipo. Anayetakiwa ni mtu wa kusema, "Hapana, hii imekwisha kutolewa," na karatasi ya kumsaidia kusema hivyo.

II. KHABARI YA FORODHANI

Hakuna mtu wa pwani asiyeijua Forodhani ya Unguja, iliyo ufukoni mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib. Jina lake latokana na forodha, kwani hapo ndipo bidhaa zilipokuwa zikishushwa na kutozwa ushuru. Forodha ilipohamishwa, mahali pakageuzwa bustani, ikafunguliwa mwaka 1936 kwa ukumbusho wa miaka 25 ya ufalme wa Sultani Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti mwaka 1911. Nayo ikaitwa Jubilee Gardens. Katikati yake pakajengwa kibanda cha kupigia bendi. Watu wakazoea kwenda jioni kupunga upepo, na baadaye wauzaji wakaifanya kuwa jiko la mji mzima: mishikaki, pweza, mihogo, urojo na maji ya miwa.

Lakini wingi wa watu pasipo matengenezo ni mzigo. Ilipofika miaka ya mwanzo ya karne hii bustani ile ilikuwa imechoka: majani yamekanyagwa hata yakaisha, njia zimevunjika, taa hazitoshi, maji ya mvua hayana pa kwenda, na ukuta wa bahari unaliwa na mawimbi. Hapo shirika la Aga Khan Trust for Culture, ambalo si la biashara, likapatana na Serikali ya Zanzibar, likaanza kazi mwaka 2008, na mwezi wa Julai mwaka 2009 bustani ikafunguliwa upya. Ukuta wa bahari ulitengenezwa, na mifereji, na taa, na njia. Miti na majani yakapandwa. Kibanda cha bendi kikarudishwa hali yake. Watoto wakapata mahali pa kuchezea, na wauzaji wa vyakula wakapangiwa upande wao.

Katika khabari hii mna mafunzo mawili. La kwanza, zingatia ni vitu gani vilivyotengenezwa. Mgeni aingiapo husifu maua, wala haoni mfereji. Lakini pasipo mfereji maua hayadumu masika moja. Mwenye kuanza na maua ameanza na kilemba kabla ya kanzu. La pili, tangu 1936 mpaka 2009 ni miaka 73. Kama kila mwaka pangetengwa fungu dogo la kuziba nyufa, kutengeneza taa na kupanda upya palipokauka, kazi kubwa ile na gharama yake kubwa visingalihitajika vyote kwa mpigo mmoja. Wazee wetu walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na jirani wa bustani hiyo, Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na hali kazi ya kulitengeneza inaendelea, na watu wawili wakafa. Uzee haungoji mkutano uishe.

Na tangu ilipofunguliwa, suala la Forodhani si nani aliyejenga, bali ni nani afagiaye. Usiku mmoja wa biashara huacha majivu, vijiti vya mishikaki na maganda ya miwa. Na kila asubuhi bustani huanza upya mikononi mwa mwenye ufagio. Mtu huyo ndiye mjenzi wa pili wa bustani, ijapokuwa jina lake haliandikwi katika jiwe.

III. MAJI NA UDONGO KABLA YA MAUA

Sasa turudi Kinampanda, kwenye kifo cha pili, nacho ni kiu. Hapa hesabu hutangulia. Tuseme watu wamepanda miche 40. Kila mche mchanga wataka, kwa kadiri, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Hiyo ni lita 1,600 kwa wiki. Kiangazi tangu katikati ya Mei mpaka mwisho wa Novemba ni wiki 28. Basi zatakiwa lita 44,800 kwa kiangazi kimoja. Mtu asiyejua zitatoka wapi lita hizo, na ni nani atakayezibeba mwezi wa Septemba, na asipande miche 40. Na apande 10 ikae, kuliko 40 ikafa na watu wakavunjika moyo.

Na maji yapatikana. Paa la bati la mita 15 kwa 10 lina mita za mraba 150. Mvua ya milimita 600 kwa mwaka ikianguka juu yake huleta lita 90,000. Toa thuluthi kwa yanayomwagika na kukauka, zabaki 60,000. Paa moja la msikiti au la shule, likiwa na mfereji mzuri na tangi la kutosha, laweza kuilisha miche ile kiangazi kizima. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chenyewe lazima kiwepo: pasipo tangi, mvua yote hupita njia yake ikaenda.

Kisha maji yasitumiwe ovyo. Iko njia ya zamani sana, nayo ni kuuzika mtungi wa udongo usiotiwa rangi kando ya mche, mdomo wake ukabaki juu, ukajazwa maji na kufunikwa kwa kigae ili mbu wasizae humo. Maji hutoka polepole kupitia udongo wa mtungi, na mizizi huyafuata chini badala ya kuyangoja juu yakauke kwa jua. Tena shina la mche lifunikwe kwa nyasi kavu au maganda. Pwani kwa makumbi, na huku Singida kwa maganda ya alizeti, ambayo hayakosekani.

Na asiyekuwa na udongo mzuri asikate tamaa. Huko Bamburi, Mombasa, palikuwa na machimbo ya mawe ya saruji, jangwa la matumbawe lisilo na majani. Mwaka 1971 Bwana René Haller akajaribu kupanda humo aina 26 za miti, na zilizoishi ni tatu tu, mojawapo mvinje. Mivinje ikamea, lakini majani yake yakirundikana chini bila kuoza. Akaona jongoo wakiyala, akawakusanya na kuwaingiza kwa wingi. Nao kwa kula kwao wakayageuza majani kuwa mbolea, na kidogo kidogo pakapatikana udongo, kisha miti mingine, kisha ndege na wanyama. Leo mahali hapo huitwa Haller Park, na watu huenda kutembea. Fundisho lake ni kwamba aina 23 zilikufa, wala kazi haikufa. Panda kidogo kwa majaribio, tazama kinachoishi mahali pako, kisha ndicho ukizidishe.

Kwa Kinampanda, mwarobaini na mjohoro hukua upesi na kutoa kivuli, na mkwaju hukawia lakini hudumu. Basi na ipandwe yote: ya kukua upesi kwa watu wa leo, na mkwaju kwa wajukuu. Miti ya jamii ya mkuyu iwe mbali na tangi na kuta, kwani mizizi yake hupasua.

IV. MGENI ANATAKA NINI

Methali yetu yasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Msimamizi mwema huingia bustanini kila wiki kwa mlango wa mgeni, si kwa mlango wake, akatazama kwa macho ya mgeni. Atajiuliza: mtu aliyechoka aweza kupata kiti kivulini saa saba mchana? Si saa mbili asubuhi, kwani kivuli huhama, na kiti kilichowekwa bila ya kuhesabu mwendo wa jua hukaliwa na jua. Maji ya kunywa yako wapi? Choo kiko wapi, na ni kisafi? Usiku pana mwanga? Kipofu akishika njia atafika salama, au atakutana na shimo? Mwenye mkongojo aweza kupanda?

Katika haya, choo ndicho chenye kuvunja au kujenga sifa ya bustani. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kwenda haja katika njia za watu na katika vivuli vyao, na ametahadharisha kuwa jambo hilo huleta laana. Lakini tukimkataza mtu asifanye kivulini, nasi hatukumwekea mahali pa kufanya, tumemwachia sehemu ya makosa sisi wenyewe. Na kiwe umbali wa mita 30 au zaidi na kisima, upande wa chini wa mteremko, cha wanaume mbali na cha wanawake, chenye maji na mlango wenye komeo.

Nami nawakumbusha wanaume wenzangu jambo tunalolisahau. Tukisema "wageni" hujiona sisi wenyewe, tumekaa na kahawa na bao. Lakini anayebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani ndiye aliye na haja kubwa zaidi ya kivuli. Bustani ambayo mama hawezi kukaa humo na watoto wake kwa heshima, bila ya kutazamwa na kusemwa, ni bustani ya nusu ya watu tu. Basi pawe na upande ulio wazi na salama ambao wanawake hukaa, na mahali pa watoto panapoonekana kutoka hapo, na vijana wafunzwe adabu ya macho na ulimi.

V. WAUZAJI NA TAMAA

Sasa twafika kwenye kifo cha tatu, nacho huja bustani ikiwa imestawi. Palipo na watu huja wauzaji, na si vibaya. Mwenye njaa hupata chakula na maskini hupata riziki. Lakini leo ni meza moja, kesho ni kumi, na kesho kutwa aliyekuja kupumzika hana pa kukaa ila anunue. Hapo bustani imegeuka soko, na fakiri amefukuzwa pasi na mtu kumwambia "toka."

Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu tunachokisomesha katika madrasa zetu, ameieleza hukumu ya njia kuu. Maana yake ni kwamba manufaa ya asili ya njia ni kupita. Lakini yafaa mtu kukaa humo kwa kupumzika au kwa kufanya biashara, maadamu hawabani wapitao. Aweza kujitilia kivuli kwa jamvi na mfano wake. Na wawili wakifika mahali pamoja kwa wakati mmoja, hupigiwa kura. Kiasi chake kwa bustani ni chepesi. Manufaa ya asili ya bustani ni kupumzika, na biashara ni mfuasi tu. Mfuasi hamtangulii bwana wake. Na kama aliyetoa ardhi ameweka sharti kwamba biashara isifanywe humo, sharti lake hufuatwa.

Kwa hivyo yataka mambo manne. Wauzaji wawe na upande mmoja ujulikanao, kama ilivyofanywa Forodhani, wala wasiingie kati ya miti. Idadi yao iwe na mpaka ulioandikwa, na nafasi zikiwa chache kuliko waombaji ipigwe kura mbele ya watu, si kwa ujamaa. Bei iandikwe juu ya ubao, mgeni na mwenyeji walipe sawasawa. Na kila muuzaji ndiye mwenye dhamana ya usafi wa hatua kumi kuzunguka meza yake kabla ya kuondoka usiku. Aliyeacha uchafu mara tatu, nafasi yake hupewa mwingine.

VI. FEDHA, MSIMAMIZI NA HESABU

Bustani isiyo ya faida si bustani isiyo ya gharama. Wapo waliochagua kutoza kiingilio. Cairo pana Azhar Park, iliyofunguliwa mwaka 2005, hektari 30 juu ya kilima kilichokuwa jaa la takataka kwa karne nyingi, kazi ya shirika lile lile lililoitengeneza Forodhani. Nayo hutoza kiingilio na kupata kodi ya mikahawa yake, ili ijilishe yenyewe. Forodhani haina tikiti. Kila mtu huingia. Kwa mji mkubwa wenye mamilioni huenda kiingilio kikafaa. Kwa mahali kama Kinampanda rai yangu ni kwamba mlango usiuzwe, kwani asiye na senti ya kuingilia ndiye hasa aliyekusudiwa.

Basi fedha zitoke wapi? Zitoke katika kodi ndogo ya wauzaji. Katika kitalu cha miche, ambayo huuzwa kwa wenye mashamba mwanzo wa mvua. Na lililo bora kuliko yote, katika wakfu wa pili ulio mfuasi wa wa kwanza: mtu akiweka duka au chumba kimoja cha kupangisha, kodi yake ikawa kwa matengenezo ya bustani tu. Tajiri anayetaka kutoa aambiwe wazi: mlango wa fahari wenye jina lako hautatumwagilia miche, kodi ya duka lako itaimwagilia hata baada ya kufa kwako.

Na kanuni ya wanazuoni wetu ni kwamba mapato ya wakfu huanzia katika matengenezo ya wakfu wenyewe kabla ya kufika kwa wanaonufaika. Mimi ningeyagawa mafungu kumi: sita kwa matengenezo na ujira wa wafanya kazi, mawili akiba ya mwaka wa ukame, moja kwa miche na viti vipya, na moja kwa maji ya kunywa ya bure. Hii si hukumu ya sheria, ni rai. Aliye na bora na alete. Lakini fungu la matengenezo lisitangulizwe na lolote.

Ama msimamizi, fikihi imemwekea masharti mawili, uadilifu na uwezo wa kazi, wala moja halitoshi bila ya pili. Mwaminifu asiyejua kuhesabu huibiwa, na hodari asiye mwaminifu huiba. Wakiwekwa wasimamizi wawili pamoja, mmoja hafanyi peke yake pasipo mwenzake. Wala asidhani mtu kwamba kazi hii ni ya wanaume peke yao. Sayyidna Umar mwenyewe aliuusia usimamizi wa wakfu wake kwa binti yake, Bibi Hafsa. Na hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi, mahali pa wazi, kilichoingia na kilichotoka, na daftari libaki mezani kwa atakaye kulitazama. Daftari lililofungwa kabatini huzaa dhana, na dhana ikishaingia, mchango hukatika hata kama hakuna aliyeiba.

VII. MASUALA NA MAJAWABU

Suala: Mti wa wakfu ukikauka, wakfu wake umekwisha? Jawabu: La. Kwa kauli itegemewayo katika Minhaj wakfu haukatiki, bali gogo lake hutumiwa. Basi na liwe viti na nguzo za bustani ile ile.

Suala: Msimamizi ana haki ya ujira? Jawabu: Anayo, kwa kadiri ya kazi na kwa kadiri aliyopangiwa. Ujira uliotajwa wazi ni bora kuliko kazi ya bure ambayo mwenyewe huiacha kila apatapo shughuli, au hujilipa kwa siri.

Suala: Asiye Muislamu aingie? Jawabu: Ndiyo, bila ya shaka. Kinampanda majirani zetu wengi ni Wakristo, na bustani ya watu wote ni ya wao na sisi. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba apandaye mti, kikala humo kiumbe, mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Ikiwa ndege haulizwi dini yake, jirani ataulizwaje?

Suala: Mfadhili ataka kujenga chemchemi ya kuruka maji iliyo nzuri sana. Tuikubali? Jawabu: Mshukuruni, kisha mwulizeni swali moja: maji yake na fundi wake mwaka wa tatu atavilipa nani? Akiwa na jawabu, ikubalini. Akiwa hana, mwombeni tangi.

Suala: Tuanze na nini? Jawabu: Anzeni na kivuli kimoja, kiti kimoja, mtungi mmoja wa maji ya kunywa na mtu mmoja wa kufagia anayelipwa kwa wakati. Vikidumu hivi kiangazi kizima mpaka mvua ya Novemba ikavikuta vingali, ongezeni cha pili.

Basi, ndugu zangu, kila mwenye nia ya kupanda bustani na akae kwanza na wenzake, waandike majibu ya mambo matatu: ardhi hii ni ya nani hata baada yetu, mwezi wa Septemba atamwagilia nani, na siku wauzaji wakiwa wengi, fakiri atakaa wapi. Walio na majibu na waanze hata kwa mti mmoja. Na walio na bustani tayari, Unguja, Mombasa, Tanga au popote, na watoke jioni ya leo wakatazame mfereji, taa na choo kabla ya maua.

Wabillahi taufiki.